LAPTOPU MPYA, WI-FI KONOKONO: KABLA HUJAMTOLEA MTU POVU, PIMA KWANZA

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Nina langu la moyoni, na linamhusu dada mmoja wa hapa mjini ambaye simtaji. Anayemjua atamjua, asiyemjua hajapungukiwa kitu. Niseme tu kwamba ni mtu wa video: anapika, anajipodoa, anafungua vifurushi mbele ya kamera, na ana wafuasi laki kadhaa wanaosubiri aseme kitu ili nao waseme.

Majuzi dada huyu alinunua laptopu mpya Kariakoo. Mpya ya boksi kabisa, na plastiki yake juu ya kioo. Milioni moja na laki nane, taslimu. Alinunua kwa dogo mmoja asiye na duka lake. Ana kabati la vioo ndani ya fremu wanayochangia kodi watu watatu. Siku ya nne povu likatoka. Dada alipiga skrinshoti laptopu ikiwa inashusha faili, akazungushia duara jekundu pale inapoonyesha kasi, akaandika: "Nalipia intaneti ya 20, hili dude linanipa 2! Kumbe nimeuziwa kopo." Chini yake akaweka picha ya kadi ya biashara ya dogo. Jina linasomeka, namba ya simu inasomeka.

Mnajua kilichofuata. Mpaka jioni mji mzima ulikuwa umeshahukumu. Mmoja anasema Kariakoo hakuna mtu wa kweli. Mwingine anasema hao ndio wale wanaofungua mashine usiku wanachomoa vitu orijino wanaweka takataka. Wengine wakaanza kumpigia dogo simu, si kununua, kutukana tu. Na mimi ninayeandika hapa, nilifanya nini? Nilicheka. Nikaichukua ile skrinshoti nikaitupia kwenye grupu la washikaji, nikaendelea na chai yangu.

Sasa kabla ya kuingia kwenye haya mambo ya kuandika, nilikaa miaka sita nikifunga mitandao ya maofisi. Rauta, nyaya, kupanda juu ya dari, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa hiyo mimi nilikuwa na uwezo wa kuiangalia ile picha kwa sekunde tano na kujua kuna kitu hakiko sawa kwenye hayo maneno. Sikuiangalia. Nilitaka kucheka, sikutaka kujua. Shikeni hilo, tutalirudia.

MWITO WA KWENDA KUTENGENEZA

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na kijana anayemshikia dada kamera, tunafahamiana. "Braza, Jumamosi tuna laivu ya wadhamini, ile laptopu bado inasumbua, njoo utucheki." Nikaenda. Apatimenti nzuri, ghorofa ya tatu, sebule kubwa ina taa za kurekodia, halafu korido ndefu, halafu mwisho kabisa chumba ambacho dada amekifanya ofisi. Intaneti ni ya faiba, kifurushi cha megabiti 20.

Dada akanipokea vizuri, akaniletea juisi, akasema, "Kaka, mimi sitaki maelezo mengi. Angalia mwenyewe." Akachukua simu yake palepale ofisini, akapima spidi: 17. Akapima kwenye laptopu, mezani hapohapo: 3. Akaniangalia kama wakili aliyemaliza kesi. "Si unaona? Nyumba ileile, Wi-Fi ileile, simu inakimbia, laptopu imekufa. Tatizo ni nini kama si laptopu?"

Niwe mkweli, ukiona hivyo hata wewe ungesema laptopu ni mbovu. Ushahidi unaonekana umetimia. Lakini mtu wa mitandao anajifunza mapema kwamba Wi-Fi ni maongezi ya watu wawili, rauta na mashine yako, na katikati kuna kuta, majirani na kila chenye redio. Ukisikia maongezi hayaeleweki usimpige kofi mmoja wao kabla hujajua nani anaongea kwa sauti ndogo.

Tukaanza moja baada ya jingine. Nayaandika kwa mpangilio tulioufuata, maana najua kuna mtu anasoma hapa ana laptopu mpya na hasira.

KWANZA, NANI ANAKULA?

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows inafunguka orodha ya programu zote zinazofanya kazi, na kuna safu inayoonyesha kila moja inatumia mtandao kiasi gani. Ukigusa kichwa cha safu hiyo, walaji wakubwa wanapanda juu.

Juu kabisa ilikuwa programu ya hifadhi ya mtandaoni. Dada alipoiwasha laptopu mara ya kwanza iliuliza maswali mengi, naye kama sisi wote alikubali kila kitu ili afike mwisho. Moja ya aliyokubali ni mafaili ya eneokazi yahifadhiwe mtandaoni yenyewe. Na eneokazi lake ndipo alipomwaga video zake zote, gigabaiti 40 na ushee. Kwa hiyo siku nne nzima laptopu ilikuwa inapandisha video juu bila kumwambia mtu. Ya pili yake ilikuwa Windows yenyewe, inashusha apdeti. Ya tatu, duka la programu, nalo linasasisha vitu ambavyo hajawahi hata kuvifungua.

Hii ndiyo siri ya laptopu yoyote mpya. Imetoka kiwandani, ikakaa kwenye meli, ikakaa stoo, ikakaa kabatini, na ulimwengu haukuisubiri. Siku unapoiunganisha kwa mara ya kwanza inakimbilia kutafuta yote yaliyoipita. Siku za mwanzo ndizo nzito, na ndizo siku ambazo mwenye mali anaipima.

Na kupandisha kunazuia hata kushusha. Kila kipande unachoshusha, mashine yako inarudisha ujumbe mdogo wa kusema "nimepokea, leta kingine". Njia ya kupandia ikijaa video, ule ujumbe mdogo unakaa foleni, na mtumaji anapunguza mwendo kwa kudhani huko kwako kuna shida.

Nikasimamisha ile programu. Tukapima tena: kutoka 3 ikaja 6. Dada akasema, "Bado simu inaishinda." Kweli, bado.

PILI, SOGEA KARIBU

Nikabeba laptopu mpaka sebuleni, mita mbili kutoka kwenye rauta. Tukapima: 19. Tukarudia: 19.

Hapo palitokea ukimya. Maana kifurushi ni cha 20, na ile laptopu "kopo" imetoa 19. Mashine mbovu haiponi kwa kutembezwa kwenye korido. Kama nyote mtabeba kitu kimoja tu kutoka hapa, bebeni hiki: kabla hujasema laptopu ni mbovu, ipime ikiwa jirani na rauta, hakuna ukuta katikati. Ikikimbia pale, shida iko njiani, haiko kwenye mashine.

TATU, UKO BENDI GANI?

Tukarudi ofisini. Nikafungua mipangilio ya Wi-Fi, nikagusa sifa za mtandao uliounganishwa. Mle ndani Windows inakuandikia bendi unayotumia na spidi ya maongezi kati ya laptopu na rauta. Imeandikwa gigahezi 2.4. Nikaangalia simu ya dada: iko kwenye 5.

Ngoja nieleze. Rauta nyingi za sasa zina bendi mbili. Chukulia ile ya 2.4 ni barabara ya kawaida saa kumi na mbili jioni: inafika kila mtaa, inapenya kuta vizuri, lakini kila mtu yumo humo. Majirani wako wote wamo. Spika na hedifoni za Bluetooth zimo. Hata maikrowevu ikipasha wali inapiga kelele kwenye masafa hayohayo. Na ukubwa wa barabara hiyo ni chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Pale ofisini kwa dada nilihesabu majina 19 ya Wi-Fi za watu wengine. Watu 19 kwenye njia tatu. Bendi ya 5 ni njia ya mwendokasi: ina nafasi kubwa, inapita haraka, ila haifiki kila mahali, kuta mbili tatu zinaichosha.

Sasa kwa nini simu iko mwendokasi na laptopu iko kwenye foleni? Rauta ile ilikuwa imetoa majina mawili, moja la kila bendi. Simu iliunganishwa na fundi wa faiba siku aliyofunga, sebuleni, kwenye bendi ya 5. Laptopu aliiunganisha dada mwenyewe akiwa ofisini, na akachagua jina lenye vijiti vingi. Nani asingechagua vijiti vingi? Lakini vijiti vinakuambia sauti ni kubwa kiasi gani, havikuambii kuna watu wangapi wanapiga kelele. Na laptopu ikishajua mtandao mmoja inaurudia huohuo kila siku.

Kabla ya kuhama, nilitaka aone jambo moja. Pembeni ya laptopu kulikuwa na kile kidude cha kuongezea matundu ya USB, kimechomekwa diski ya nje yenye video. Nikachomoa vyote viwili, tukapima palepale kwenye 2.4: kutoka 6 ikaja 9. Vifaa vya USB 3 vinapofanya kazi vinatoa kelele ya redio inayoangukia masafa ya 2.4, na Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Kidude cha elfu thelathini kinakaa sentimita kumi kutoka kwenye antena, halafu lawama anapewa muuza laptopu.

Kisha nikaihamishia laptopu kwenye bendi ya 5. Ofisini hapohapo, mlango umefungwa: 18. Imeipita simu.

Kwa kumalizia tukaenda kuiangalia rauta yenyewe. Ilikuwa nyuma ya televisheni, chini, imebanwa na king'amuzi na spika kubwa, juu yake kuna kitambaa cha maua. Televisheni ina bati kubwa mgongoni, na redio haipendi bati. Tukaipandisha juu ya kabati la pembeni, wazi, bila kitambaa. Gharama ya kazi yote ya siku ile: juisi mbili.

HALAFU IKAJA ILE SKRINSHOTI

Nilipokuwa nafunga begi dada akasema, bado anajitetea kidogo, "Sawa kaka, ofisini ilikuwa hivyo. Lakini ile siku nimeposti nilikuwa sebuleni, karibu na rauta kabisa, na ilinipa 2. Ushahidi huu hapa." Akanionyesha ile picha. Ile iliyozunguka mji mzima. Ile niliyoituma mimi mwenyewe kwa washikaji.

Nikaiangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kujua. Ndani ya duara jekundu palikuwa pameandikwa 2.3 MB kwa sekunde. Be kubwa.

Be kubwa ni baiti. Kifurushi cha intaneti kinauzwa kwa biti, be ndogo. Baiti moja ni biti nane. Chukua 2.3 zidisha mara 8. Unapata 18.4. Kwenye kifurushi cha 20!

Yaani ile picha aliyoitumia kumuua dogo wa watu ilikuwa inaonyesha kwamba laptopu ni nzima, Wi-Fi ni nzima, na anapata karibu kila alicholipia. Ushahidi wa mashtaka ulikuwa ni ushahidi wa utetezi. Laki kadhaa za watu waliiona, wakaipa vicheko, wakaituma mbele, na hakuna aliyezidisha mara nane. Pamoja na mimi niliyekula mshahara wa hesabu hiyo miaka sita.

Kwa asiyejua, iweke kichwani: ukilipia megabiti 20, kushusha kwako kwa juu kabisa ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 2 itakuchukua dakika 13 na kitu hivi, kila kitu kikiwa sawa. Ukiona 2 na ushee usitukane mtu. Ukitaka 20 ya baiti, nunua kifurushi cha 160, uone bei yake.

DOGO ALIBAKI NA NINI

Dada aliifuta ile posti usiku huohuo. Kimyakimya. Asubuhi nikamuuliza kama ataandika chochote cha kusahihisha. Akanijibu kwa upole tu, hakuwa na ubaya: "Kaka, nikirudia hiyo habari ndiyo naiamsha upya. Watu wameshasahau." Na wadhamini nao wasije wakamwona mtu wa kukurupuka.

Watu wameshasahau. Nikasema ngoja nikaone kama ni kweli. Nikaenda Kariakoo.

Dogo nilimkuta, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kabati lake la vioo lilikuwa na laptopu mbili na chaja. Nikamwambia mimi nani na nimetoka wapi. Akavuta stuli nikae. "Bosi, mimi wala sikukataa kumbadilishia. Angeniambia 'dogo, njoo uangalie', ningeenda hata kwa mguu. Nilijua kupitia simu ya jirani yangu. Nilipomtafuta, kaniblok."

Nikamuuliza biashara ikoje. Akacheka kile kicheko cha kuficha. Hapa inabidi nieleze kwa wasioijua Kariakoo. Vijana wengi pale hawana mtaji wa kujaza kabati. Wanauza kwa mali kauli: mwenye mzigo anakupa laptopu tano kwa neno lako tu, ukiuza unapeleka hela, unabaki na chako kidogo. Hakuna karatasi wala dhamana, kuna jina lako tu. Mwenye mzigo wake naye ana simu, naye aliiona ile picha. Alimwambia dogo kwa heshima kabisa: "Kwa sasa njoo na hela mkononi kwanza." Dogo hana hela mkononi, ndiyo maana alikuwa kwenye mali kauli.

Hivyo ndivyo jina la mtu linavyoondoka. Kwa dada ilikuwa stori ya saa ishirini na nne, kwa sisi kicheko cha chai, kwake ndiyo duka. Kufuta posti kumefuta kwenye ukurasa wa dada peke yake. Hakukufuta kwenye simu ya mwenye mzigo, wala kwenye grupu la washikaji wangu.

MTANIAMBIA WEZI WAPO

Najua. Tena msinisubiri, naanza mwenyewe: wapo. Kuna laptopu zilizotumika Ulaya zinapakwa pakwa na kuuzwa mpya. Kuna za bei rahisi zenye kadi ya Wi-Fi inayojua bendi ya 2.4 pekee, na muuzaji anakuapia ina zote. Kuna zilizofunguliwa, na waya mwembamba wa antena ukaachwa umechomoka. Mteja ana haki ya kulalamika, na mimi siandiki kumnyamazisha mtu aliyelizwa hela yake.

Nasema hivi: hiyo haki inataka dakika kumi za kupima kwanza. Na unajua umepigwa kweli ukiona haya:

Laptopu inaenda taratibu hata ikiwa mita mbili kutoka kwenye rauta, walaji wote wamesimamishwa, na simu palepale inakimbia.

Ukiihamishia kwenye mtandao wa nyumba nyingine, au hata intaneti ya simu yako, bado inaburuza.

Haioni kabisa bendi ya 5 wakati simu inaiona, na boksi au muuzaji alisema inayo.

Vijiti vinapanda na kushuka ukiwa umeikalia rauta, na skrubu za chini zina alama za bisibisi.

Umeshaweka draiva mpya ya Wi-Fi kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, na hakuna kilichobadilika. Hili msiliruke, laptopu iliyokaa stoo muda mrefu inakuja na draiva ya zamani, na mara nyingi draiva peke yake inamaliza kesi.

Ukishayaona hayo, chukua risiti yako ya EFD, kama hukudai risiti hilo nalo ni lako, rudi kwa muuzaji. Mpe nafasi ya kuangalia, kubadilisha au kurudisha hela. Akikataa, Tume ya Ushindani ipo, na bidhaa bandia ni moja ya kazi zake. Akikataa na hapo, basi posti. Posti na vipimo, siku, mahali, alichojibu. Hapo hata mimi nitasambaza, na sitacheka.

Lakini kuanza na kadi ya biashara ya mtu mbele ya laki za watu, kisha kupima baadaye, huko ni kuhukumu halafu kutafuta kesi. Na mwenye wafuasi wengi anajua vizuri kuliko sisi kwamba lawama husambaa kwa miguu ya wote, ila masahihisho hutembea na miguu ya mwenyewe. Ndiyo maana hakutaka kusahihisha. Na ndiyo maana alipaswa.

Wengine mtasema dada hakujua, si fundi, angejuaje be kubwa na be ndogo? Mimi hapo namtetea. Hakuna aliyemfundisha, na wanaouza vifurushi wanapenda kuandika ile namba kubwa bila kueleza ni ya nini. Kutojua si kosa. Ila aliyebandika kitu kwa kutojua, siku akijua, anadaiwa neno moja: "nilikosea". Lina herufi tisa. Halihitaji hata megabiti moja kulipandisha.

Mimi langu nimeshalilipa, japo kidogo. Nilirudi kwenye lile grupu nikaweka ile picha tena, nikaandika hesabu ya mara nane chini yake, nikasema dogo hakuwa na kosa na mimi niliyeisambaza ndiye mwenye kosa. Wawili walicheka. Mmoja aliuliza kama dogo bado ana laptopu za bei ile. Nikampa namba. Alienda, akanunua, siku ya tatu akanipigia: "Kaka, mbona intaneti inaburuza?"

Nikamwambia beba hiyo mashine, sogea karibu na rauta, halafu unipigie tena. Hajapiga mpaka leo.

Haya, tiririkeni hapo chini. Nani amewahi kumlaumu fundi au muuzaji halafu kosa likawa la kwake? Na je, ulirudi kumwambia?